Mkondo na Njia Yake: Kuvikinga Vifaa Nyeti vya Elektroniki Kando ya Uzio wa Umeme katika Bonde la Ufa la Kati

I. Mada na mipaka yake

Katika Nakuru na maeneo yanayoizunguka, mtambo wa volteji ya juu ulio karibu zaidi na mikono ya mtu wa kawaida ni uzio wa umeme. Njia kubwa za kusafirishia umeme zinazotoka kwenye mitambo ya mvuke ya Olkaria, iliyoanza kuzalisha mwaka 1981, ziko juu ya minara na chini ya uangalizi wa wahandisi, na raia huzitazama kwa mbali. Lakini waya unaomzuia nyati asivunje shamba la mahindi hufungwa, hurekebishwa na wakati mwingine hubuniwa na wakulima wenyewe, wanafunzi na mafundi wa jua kali. Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru ilizungushiwa uzio wa umeme katika nusu ya pili ya miaka ya 1980, ilipotengwa kuwa makao salama ya vifaru. Uzio wa safu ya Aberdare, ulioanzishwa mwaka 1989 na shirika la Rhino Ark, ulikamilika mwaka 2009 ukiwa na urefu wa karibu kilomita 400, na msitu wa Eburu, ulio juu ya Ziwa Naivasha, ulizungushiwa wake mwaka 2014. Kando ya kazi hizo kubwa ziko nyua ndogo za Bahati, Subukia, Njoro na Molo, ambazo mwenye nyumba ndiye mhandisi wake.

Kwa miaka ya karibuni nyua hizo ndogo zimepata mgeni. Bodi ndogo yenye mikrokontrola, yaani kompyuta nzima iliyokusanywa ndani ya kipande kimoja cha silikoni, sasa hununuliwa kwa bei ambayo mwanafunzi anaweza kuimudu, na ikiunganishwa na kifaa cha laini ya simu inaweza kumtumia mwenye shamba ujumbe mfupi usiku wa manane kwamba volteji ya uzio imeshuka, huenda kwa sababu tembo ameangusha nguzo au mtu amekata waya. Wazo hilo ni zuri, lakini linakutanisha vitu viwili visivyolingana hata kidogo: bodi inayofanya kazi kwa volti 3.3 au 5, na waya unaobeba volti 8,000. Mafundi wengi wanaojaribu kazi hii huzika bodi mbili au tatu kabla ya kupata moja inayodumu msimu mzima, na mara nyingi hawajui kilichoziua.

Mhadhara huu unachunguza namna ya kuzuia vifo hivyo. Hoja yake kuu ni kwamba kifaa nyeti hukingwa kwa kuuandalia umeme njia fupi na rahisi ya kurudi ulikotoka, ili usihitaji kupita ndani ya kifaa, na kwamba njia hiyo haiwezi kunakiliwa kutoka kitabuni bila kupimwa upya kwa mwinuko, udongo na vumbi la mahali inapojengwa. Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Lugha ya Kiswahili, ilipolichukua neno hilohilo la mkondo ili kuutaja umeme unaotiririka wayani, ilikuwa imekwisha kulieleza nusu ya somo.

II. Namna pigo la uzio linavyozaliwa

Mashine ya uzio, ambayo wakulima wengi huiita enajaiza, haitoi umeme mfululizo. Huchukua umeme wa betri ya volti 12, huupandisha hadi volti mia kadhaa, na kuuhifadhi ndani ya kapasita, yaani kifaa kinachoweka chaji kati ya bamba mbili za metali kama tangi linavyoweka maji. Kila baada ya sekunde moja au zaidi kidogo, swichi ya elektroniki iitwayo thairista hufunguka ghafla, chaji yote ikamiminika ndani ya transfoma, na transfoma ikaigeuza kuwa pigo la volti elfu kadhaa lisilodumu hata sehemu ndogo ya sekunde. Kapasita ya mikrofaradi 40 iliyojazwa hadi volti 500 hubeba nishati ya jouli 5, kiasi ambacho viwango vya kimataifa vimekiweka kuwa kikomo cha nishati ya pigo moja la mashine ya uzio linapopimwa katika ukinzani wa omu 500. Viwango hivyohivyo huzuia mapigo yasikaribiane kwa chini ya sekunde moja, kwa kuwa kimya cha katikati ndicho kinachompa mtu au mnyama aliyeguswa nafasi ya kujinasua.

Ubunifu huu unafanana sana na ule wa pikipiki. Koili inayowasha plagi ya bodaboda hupokea chaji ya kapasita kwa njia hiyohiyo na kuigeuza kuwa cheche, na ndiyo maana wanafunzi wanaotengeneza koili ya Tesla au mtambo mwingine wa cheche kwa ajili ya maonyesho ya sayansi huanzia kwenye koili iliyookotwa gereji. Yote yatakayosemwa hapa kuhusu bodi ya uzio yanaihusu pia bodi inayoendesha mitambo hiyo, kwa sababu adui ni yuleyule.

Adui huyo anahitaji kutajwa kwa usahihi, kwa sababu si volteji peke yake. Pigo linapotoka kwenye mashine hupanda taratibu kiasi, na saketi iliyopangwa vizuri hulivumilia. Hatari kubwa hutokea pale jani bichi linapogusa waya, au kihami, yaani kile kipande cha plastiki au kauri kinachoutenganisha waya na nguzo, kinapopasuka, kisha cheche ikaruka. Katika nukta hiyo volteji huporomoka kwa muda unaohesabiwa kwa nanosekunde, na mporomoko huo wa ghafla hugeuza waya mzima kuwa mlingoti wa redio. Mkulima anayesikia tiki, tiki, tiki kwenye redio yake ya masafa ya kati anasikia mporomoko huo, na wapo wanaotembea kando ya uzio na redio mkononi ili kulitafuta jani lenye hatia. Kinachosikika redioni kimeingia pia kwenye kila waya wa bodi, bila kuguswa na chochote.

III. Udhaifu usioonekana kwa macho

Transista za ndani ya mikrokontrola hutawaliwa na lango lililotengwa na njia ya mkondo kwa utando wa kioo wenye unene wa nanomita chache. Unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita, kwa hiyo utando huo ni mwembamba kuliko unywele mara maelfu kwa maelfu, na huvumilia takriban volti moja kwa kila nanomita kabla ya kutoboka. Binadamu hahisi cheche ya umeme tuli mpaka ifike karibu volti 3,000. Kwa maneno mengine, fundi anaweza kuiua transista kwa kidole chake mwenyewe na asihisi hata mwasho. Wakati wa kiangazi cha Januari na Februari, hewa ya Nakuru inapokauka na sweta kulia cheche linapovuliwa, bodi iliyochukuliwa mezani bila kwanza kugusa chuma kilichounganishwa na ardhi imekwisha kuwekwa hatarini kabla ya kuufikia uzio.

Bodi iliyokufa kwa namna hii haina alama. Uso wa kipande cheusi hubaki laini, maandishi yake yanasomeka, hakuna harufu ya kuungua wala lehemu iliyoyeyuka; pengine hupata joto kidogo kinapowekewa betri, au mguu mmoja kati ya 28 hukataa kusoma. Lililo baya zaidi ni jeraha lisiloua papo hapo. Utando uliotobolewa nusu huendelea kufanya kazi kwa wiki au miezi, kisha huachia siku ambayo hakukuwa na radi wala cheche, na fundi humlaumu muuzaji kwa kosa lililotendeka zamani. Ulinzi, basi, haupimwi kwa kuuliza kama bodi inafanya kazi leo. Mashine inayopiga mara moja kila sekunde hupiga mara 86,400 kwa siku na zaidi ya mara milioni 31 kwa mwaka, na kasoro ndogo inayorudiwa mara milioni 31 haiwezi kubaki ndogo.

IV. Mkondo hurudi kwao

Fundi anayeanza huwa na mazoea ya kuufikiria umeme kama kitu kinachotoka mahali na kwenda kuishia mahali pengine, na hasa kinachoishia ardhini kana kwamba ardhi ni shimo lisilojaa. Ukweli ni kwamba mkondo daima hufanya mzunguko na kurudi kwenye chanzo chake. Pigo la uzio hutoka kwenye ncha moja ya mashine, hupita wayani, humpitia ng'ombe aliyegusa, huingia udongoni na kurejea kwenye ncha ya pili ya mashine kupitia vyuma vya athi, yaani vya kuunganisha na ardhi, vilivyozikwa. Mahali popote ambapo bodi imeunganishwa kwenye mzunguko huo kwa pointi mbili zilizo mbalimbali, bodi yenyewe imekuwa sehemu ya njia ya kurudi.

Hapa ndipo waya mfupi, ambao jicho linauona kuwa hauna lawama, unapoleta maafa. Kila waya hupinga mabadiliko ya ghafla ya mkondo, na tabia hiyo, iitwayo induktansi, hufikia takriban mikrohenri moja kwa kila mita ya waya ulionyooka. Kipande cha sentimita 10 kina sehemu ya kumi tu ya mikrohenri. Hata hivyo, mkondo wa cheche ukipanda hadi ampia 100 ndani ya nanosekunde 100, ncha mbili za kipande hicho hutofautiana kwa volti 100. Waya ambao testa inaonyesha kuwa ukinzani wake ni sifuri umezalisha, kwa muda mfupi, volteji mara thelathini ya ile inayoendesha bodi. Ikiwa upande hasi wa betri umefungwa kwenye ncha moja ya waya huo na upande hasi wa bodi kwenye ncha nyingine, volti hizo 100 zinapita ndani ya bodi.

Tiba yake ni nidhamu ya kukutanisha nyaya zote za athi katika pointi moja. Mkondo wa cheche uwe na njia yake nene na fupi kuelekea pointi hiyo, nao mkondo wa bodi uwe na njia yake mwenyewe, na njia hizo mbili zisichangie hata sentimita moja ya waya. Nguzo za mitaani zenye transfoma huonyesha somo hili kwa macho: vizuia radi, vile vijiti vyenye mikunjo kama vijisahani vilivyopangana, hufungwa karibu kabisa na transfoma, kisha waya huteremka moja kwa moja hadi ardhini bila kona. Waya huo unapoibiwa na wauza vyuma chakavu, kizuia radi hubaki juu pale kikiwa kizima lakini bila kazi, kwa kuwa mkondo hauna tena pa kupita. Uharibifu wa aina hiyo ulifika kiwango cha minara ya umeme kuanguka, hata serikali ya Kenya ikasimamisha kwa muda biashara ya vyuma chakavu mnamo Januari 2022.

V. Lango, ua na nyumba

Hakuna kifaa kimoja cha kinga kinachoweza kubeba mkondo mkubwa, kikafanya kazi upesi na wakati huohuo kikaishikilia volteji chini vya kutosha. Kwa sababu hiyo ulinzi hupangwa kwa ngazi, kama boma lenye lango, ua na nyumba, ambapo kila ngazi humpunguza nguvu mgeni kabla hajaifikia inayofuata.

Ngazi ya nje ni pengo la cheche au mrija wa gesi. Mrija huo ni kopo dogo la kauri lenye vichwa viwili vya metali na gesi kati yake. Volteji ikizidi kiwango fulani, gesi hugeuka kuwa njia ya mkondo na kuweza kupitisha maelfu ya ampia kwa muda mfupi. Kasoro yake ni uzito wa kuamka, kwa kuwa kabla haujawaka, mamia ya volti yamekwisha kupenya. Ngazi ya kati ni varista, kisahani cha oksidi ya zinki kilichoendelezwa Japani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, ambacho ukinzani wake ni mkubwa sana katika volteji ya kawaida na hushuka ghafla volteji inapozidi. Varista huamka upesi, lakini huchakaa: kila pigo inalolimeza huipunguzia uhai. Kuifunga moja kwa moja kwenye uzio kwa kiwango kilicho chini ya volteji ya mapigo ya kawaida ni kuipa kazi mara 86,400 kwa siku, na haitamaliza wiki. Ngazi ya ndani, iliyo karibu kabisa na mguu wa mikrokontrola, ni diodi ya kukata mawimbi, ambayo huamka karibu papo hapo na kuishikilia volteji katika kiwango kidogo kinachojulikana, ingawa haiwezi kubeba mkondo mkubwa.

Kinachosahaulika mara nyingi ni kitu cha kuwekwa kati ya ngazi na ngazi. Bila rezista au koili ya kutenganisha, diodi ya ndani huamka kwanza kwa kuwa ndiyo nyepesi, hubeba mzigo wote, na kuungua kabla mrija wa gesi haujapata habari. Rezista ya omu mia kadhaa ikiwekwa katikati, mkondo unaopita humo huzalisha volteji inayousaidia mrija wa nje uwake. Kwenye uzio wenyewe kanuni hii hutumika kwa umbo kubwa: wafungaji hodari huukunja waya wa uzio mizunguko 8 hadi 10 kabla haujaingia kwenye mashine, na mbele ya mkunjo huo huweka kizuia radi chenye athi yake. Pigo la kawaida hupita mkunjo bila shida, lakini pigo la radi, kwa wepesi wake, hukuta mkunjo ni kizuizi na huchagua kuruka pengo kuelekea ardhini.

VI. Kusoma volteji bila kuialika ndani

Bodi inayolinda uzio lazima iusome, na kusoma ni kugusa kwa namna fulani. Njia ya kawaida ni kigawa volteji, yaani msururu wa rezista unaochukua sehemu ndogo ya volteji kubwa kwa uwiano unaojulikana. Wengi hukosea katika hatua hii kwa kununua rezista moja ya omu milioni kadhaa na kuamini kwamba ukinzani mkubwa unatosha. Rezista ndogo ya robo wati hujengwa kuvumilia takriban volti 250 kati ya miguu yake. Ikipewa volti 8,000, umeme hautapita ndani yake kwa utaratibu, utaruka juu ya ngozi yake kwa cheche.

Hesabu ya uangalifu huanza na kikomo hicho. Kwa kilele cha volti 10,000 zinahitajika rezista 40, kila moja ikiwa na volti zake 250. Zikiwa za omu milioni moja kila moja, msururu mzima ni omu milioni 40, nao mkondo unaopita ni robo ya miliampia tu. Chini ya msururu huwekwa rezista ya omu 10,000, na volteji inayoonekana juu yake kilele kinapofika ni karibu volti 2.5, kiasi ambacho bodi ya volti 3.3 inakisoma kwa raha. Rezista hizo zipangwe kwa mstari mrefu ulionyooka, zisikunjwe kwenda na kurudi kama nyoka, kwa sababu ya kwanza na ya mwisho zikikaribiana, volti zote 10,000 zitakuwa zimekaribishwa kuruka mwanya mdogo.

Swali la mwisho kuhusu kigawa volteji ni lile ambalo fundi mzoefu huliuliza kabla ya yote: kipi kitatokea siku lehemu itakapoachia? Ikiachia katika msururu wa juu, bodi husoma sifuri na kutuma onyo lisilo la kweli, hasara ambayo ni usingizi tu. Ikiachia chini ya rezista ile moja ya omu 10,000, hakuna tena kinachogawa, na uzio mzima unaelekea mguu wa mikrokontrola ukizuiwa na kasi ya diodi peke yake. Kwa hiyo rezista ya chini hujengwa kwa mbili za omu 20,000 zilizofungwa sambamba, kila moja kwa lehemu zake. Moja ikiachia, usomaji huongezeka maradufu hadi volti 5, diodi huukata, na mwenye shamba huona dalili badala ya mazishi.

Ipo pia njia ya kuuvunja muunganiko wa metali kabisa. Optokapla ni kifaa chenye taa ndogo upande mmoja na kipokea mwanga upande mwingine, vikiwa vimetengwa kwa plastiki angavu. Habari huvuka kama mwanga, nao mkondo hukosa daraja. Mwanga hauna njia ya kurudi, na hilo ndilo linaloufanya kuwa mjumbe bora. Penye nafasi, waya mwembamba wa kioo wa mita kadhaa hufanya kazi hiyohiyo kwa umbali unaozidi uwezo wa cheche yoyote ya uzio. Bodi yenyewe, ikiwa na betri yake na kipande chake cha sola, isiyochangia kitu na betri ya mashine, huwekwa ndani ya kasha la chuma lililofungwa pande zote. Michael Faraday alionyesha mwaka 1836, kwa chumba alichokifunika kwa metali, kwamba chaji hubaki juu ya uso wa nje na kilicho ndani hakiguswi; lakini kasha lililotobolewa na kupitishiwa waya usio na kinga ni sawa na nyumba iliyofungwa mlango na kuachwa dirisha wazi.

VII. Mwinuko, udongo na vumbi

Maelezo ya hadi hapa yangefaa Mombasa au Muscat bila kubadilishwa neno. Kuanzia hapa Nakuru ina madai yake.

Dai la kwanza ni la hewa. Mji wa Nakuru uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa yake ni kama asilimia 80 ya lile la pwani. Friedrich Paschen alionyesha mwaka 1889 kwamba volteji inayohitajika kuruka pengo hutegemea shinikizo la gesi pamoja na upana wa pengo. Hewa inapokuwa nyepesi, cheche huruka kwa urahisi zaidi. Kadirio linalotumika sana ni volti 3,000 kwa kila milimita ya hewa ya pwani, ambalo katika mwinuko wa Nakuru hupungua kwa karibu sehemu ya tano. Pengo la kinga la milimita 3 lililopangwa kwa makadirio ya pwani hutegemewa kuzuia karibu volti 9,000. Likiletwa Nakuru linazuia kama volti 7,200, na mahali uzio unapopiga volti 8,000, kinga hiyo itawaka kila sekunde na kuumaliza nguvu uzio wenyewe. Mwendo wa saa moja kwa gari hadi Molo, takriban mita 2,500, hulizidisha tatizo, na ni vyema kukumbuka kwamba nafasi za kutenganisha umeme zinazotajwa na viwango vya kimataifa vya vifaa vidogo hutolewa kwa mwinuko usiozidi mita 2,000. Anayejenga Molo, Mau Narok au juu ya Eburu hana budi kuzipanua nafasi kati ya njia za bodi.

Dai la pili ni la ardhi. Udongo wa sehemu kubwa ya eneo hili umetokana na majivu na mawe mepesi ya volkano, yenye matundu yanayopitisha maji upesi na kukauka upesi, na udongo mkavu haupitishi mkondo. Athi iliyofanya kazi mwezi Mei huweza kuwa haipo mwezi Februari, ingawa vyuma viko palepale. Kipimo chake hakihitaji mtambo wa gharama: waya wa uzio huunganishwa na ardhi kwa vyuma mita 100 au zaidi kutoka kwenye mashine mpaka volteji yake ishuke chini ya volti 2,000, kisha hupimwa volteji kati ya chuma cha athi na kijiti kilichochomekwa pembeni, mbali kidogo. Athi njema haitaonyesha zaidi ya takriban volti 300. Ikionyesha 1,000, maana yake ardhi yote inayoizunguka mashine hurushwa volti 1,000 kila sekunde, na bodi yoyote iliyofungwa kwenye athi hiyo hurushwa nayo. Dawa ni vyuma vitatu au zaidi vya mita 2 vilivyotenganishwa kwa mita 3, vilivyozamishwa mahali penye unyevu wa kudumu, vyenye mipako ya zinki kama waya wenyewe, kwa kuwa shaba ikikutana na zinki penye maji huila. Athi ya uzio iwe angalau mita 10 kutoka kwa athi ya nyumba, zisije zikaambukizana.

Dai la tatu ni la vumbi, na jina la Nakuru lenyewe huelezwa kuwa limetokana na neno la Kimaa lenye maana hiyo. Ziwa liliposinyaa katikati ya miaka ya 1990, upepo ulipeperusha magadi kutoka kwenye sakafu yake hadi mjini. Maji yamepanda tangu takriban 2010 na kufunika maeneo ya kandokando, lakini magadi bado yamo katika vumbi la nchi hii. Vumbi kavu juu ya kihami halina madhara makubwa. Umande wa alfajiri ukililowesha, magadi huyeyuka na kugeuka ngozi inayopitisha umeme, mkondo ukatambaa juu ya uso wa plastiki ambao ulidhaniwa kuwa kizuizi. Ndiyo sababu bodi zinazosimama vizuri mchana huanza kutoa usomaji wa kipuuzi saa kumi na moja alfajiri na kupona jua linapopanda. Kuipaka bodi vanishi maalumu baada ya kuisafisha kwa spiriti, kuziacha nafasi ndefu juu ya uso kati ya sehemu za volteji ya juu na za chini, na kuvifuta vihami mara chache kwa mwaka, ni kazi ndogo inayookoa kazi kubwa.

VIII. Kifaa cha thamani zaidi mezani

Ingekuwa kinyume cha akili kuikinga transista na kumwacha fundi wazi. Kapasita ya mashine iliyozimwa huendelea kubeba chaji yake kwa dakika, pengine kwa saa, na lazima imwagwe kwa rezista yenye mpini wa plastiki kisha ipimwe kabla ya mkono kuingia ndani. Waya wa uzio kamwe usiunganishwe na umeme wa nyumbani, hata kwa kupitia balbu, kwa sababu umeme huo hauna kimya cha katikati kinachomwachilia aliyeshikwa. Vifo vya watoto vinavyotokana na nyua za namna hiyo havina uhusiano na uzio halali wa mapigo. Mashine iliyoundwa nyumbani kwa koili ya pikipiki ifaayo kwa maonyesho ya darasani haifai kufungwa shambani, kwani hakuna aliyepima nishati yake wala kuhakikisha kwamba swichi ikikwama haitapiga mfululizo. Kazi inayogusa nyaya za nyumba ni ya fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Kawi na Petroli, na mtaalamu wa kujifurahisha hapotezi heshima kwa kumwita.

IX. Hitimisho

Mafundi wengi huianza kazi hii kwa bodi, kisha programu, kisha laini ya simu, na athi huikumbuka mwisho, bodi ya pili inapokufa. Mpangilio uliotetewa hapa ni wa kinyume chake. Kwanza vyuma vizikwe na vipimwe wakati wa kiangazi, udongo unapokuwa katika hali yake mbaya kabisa. Kisha njia ya cheche iwekwe, nene, fupi na isiyo na kona. Kisha kigawa volteji kijengwe na kuachwa uzioni peke yake, bila bodi, kwa wiki nzima ya umande na vumbi, huku usomaji wake ukiangaliwa kwa mita. Mita hiyo ikiwa haijatikisika kwa siku saba, yaani kwa mapigo zaidi ya 600,000, ndipo bodi inapoweza kutolewa kwenye mfuko wake na kufungwa. Itakuta mkondo umekwisha pata njia yake, na hauna haja ya kupitia kwake.